Kujengwa kwa Nyumba ya Wegesa

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Utepe mpya wa mashine ya taipu umefika kutoka Musoma. Wino mweusi tititi, na herufi o inatoboa karatasi. Nimemaliza sura ya kumi na tano ya Mwanzo kwa Kikurya. Vidole vinauma.

Mchungaji Simioni anakaa upande wa pili wa meza na vitabu vyake vya Kiebrania. Anasoma kutoka kulia kwenda kushoto, kidole kinatembea kinyumenyume. Mwaka mzima namwona akifanya hivyo na bado nashangaa. Yeye anafasiri, Mzee Magige wa baraza la kanisa anasahihisha Kikurya, mimi napiga chapa. Halafu tunakwenda vijijini kuwasomea watu, tunawaomba waturudishie habari kwa maneno yao. Wakirudisha kitu kingine, kosa ni letu.

Leo tumekwama sura ya kumi na sita. Sarai hana mtoto. Anamwambia mumewe amchukue Hajiri, kijakazi wake. Kwa Kiswahili tumezoea kusoma kwamba Sarai anatumaini kupata uzao. Simioni anasema Kiebrania hakisemi hivyo. Sarai anasema: labda nitajengwa kwa huyu.

Nitajengwa! Kitenzi cha Kiebrania ni bana, yaani kujenga. Kile kile cha nyumba na ukuta.

Mzee Magige akasema mtu hajengwi, iandikwe uzao, twende mbele. Ninamjua mtu anayejengwa. Ni mama yangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Niliandike jambo hili kama lilivyo, maana siku hizi kila mtu analisimulia anavyotaka.

Mama yangu Wegesa alizaa mabinti watupu, na aliyebaki hai ni mimi. Baba yangu, Mniko, alikufa bila mtoto wa kiume. Kwetu nyumba ya namna hiyo inazima. Ng'ombe wanakwenda kwa ndugu za mume, jina linasahauliwa, na mama anazeekea pembeni ya boma la watu wengine. Nilipoolewa na Ryoba, Baba akiwa bado hai, ng'ombe wa mahari yangu waliingia zizini kwetu. Baba alipokufa, Mama hakuwauza hata mmoja. Aliwaswaga mpaka Morotonga, karibu na Mugumu, akawatoa mahari kwa wazazi wa msichana aitwaye Rhobi. Rhobi akaja kwetu akiwa mkamwana. Akamzaa mtoto wa kiume. Mwanaume aliyempa mimba hahesabiwi na hatajwi. Mtoto anaitwa Mniko, yaani baba yangu amerudi na sasa anatembea akiyumbayumba.

Hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Hakuna la kuficha. Kila ukoo wa Tarime unayo.

Watu wa mjini wanasema mwanamke ameoa mwanamke, wanacheka. Mama akiwasikia anajibu taratibu tu, "Sikuoa mimi. Aliyeoa ni mwanangu ambaye hakuzaliwa." Kwa hiyo mimi na Rhobi ni wifi. Nina kaka, ila sijawahi kumwona.

Jumapili, 11 Agosti

Siku mbaya.

Mama yuko darasa la ubatizo mwaka wa pili sasa. Anatembea kutoka kijijini hadi hapa Bomani, mjini Tarime, mvua au jua, na hajawahi kukosa. Leo baada ya ibada baraza la wazee limemwita. Nilikuwemo kwa sababu mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za kikao.

Mzee Magige alizungumza kwa upole, na upole wake huwa unanitia hofu kuliko makelele ya wengine. Alisema kanisa linampenda Wegesa. Alisema ubatizo ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Lakini yule msichana atoke nyumbani kwake kwanza, na siku yenyewe Wegesa asimame mbele ya watu aseme kwamba Rhobi si mtu wa nyumba yake.

Mama akauliza, "Atoke aende wapi? Kwao walishapokea ng'ombe."

Mchungaji Simioni alikuwa anaangalia mikono yake. Niliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Mtu anaweza kuandika vizuri huku anataka kurusha kalamu.

Tulipotoka, Rhobi alikuwa amekaa chini ya dirisha, Mniko mgongoni. Dirisha lilikuwa wazi muda wote. Alisimama akachukua kapu la Mama akajitwika, wakaondoka. Mama mbele, yeye nyuma.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemwomba Simioni anionyeshe kila mahali kitenzi hicho kinapotokea. Akacheka, akasema hata Krismasi tutakuwa hatujamaliza. Basi tukapita baadhi.

Kaini anajenga mji — kwa hiyo aliyeua ndugu yake ndiye binadamu wa kwanza kutajwa akijenga! Nuhu anajenga madhabahu akiwa bado na matope ya gharika miguuni. Wana wa Israeli wanamjengea Farao miji ya ghala kwa viboko, na kitenzi hakibadiliki, ni bana vilevile, kiboko kiwepo kisiwepo. Ule ubavu wa Adamu: sisi tunasema Mungu aliufanya mwanamke, lakini neno lenyewe ni aliujenga. Hawa alijengwa kama nyumba, na anayeijua kazi ya kujenga anajua kwamba mtu hakimbizani nayo.

Halafu yale yanayonihusu. Wazee wa Bethlehemu wanamwombea Boazi mke wake awe kama Raheli na Lea, waliojenga nyumba ya Israeli. Na ndugu anayekataa kumzalia marehemu, mjane anamvua kiatu na kumtemea mate usoni, kwa sababu hakujenga. Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba ya mierezi, Mungu anamwambia, nitakujengea mimi. Naye hasemi mierezi, anasema watoto. Wapo wanaodai hata neno la Kiebrania la mwana limetoka kwenye bana. Wengine wanakataa. Simioni hakutaka kuapa.

Nikamwambia, basi Mchungaji, yapeleke haya barazani. Mama hajafanya la ajabu. Amefanya la Sarai.

Alifuta miwani yake muda mrefu. Akasema kitenzi hakitoi sheria. Kinaonyesha watu walivyoona mambo. Aliyesema nitajengwa ni Sarai, Mungu hakusema.

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Jumamosi, 24 Agosti

Mama na Rhobi wamehamishwa.

Tulijua siku inakuja, mkoa mzima unahamia vijiji vya ujamaa, lakini kujua si kuona. Nilifika asubuhi nikakuta mgambo wameshaezua paa. Nyumba ya udongo isiyo na paa inatia aibu. Unaona kitanda, unaona masizi ya jikoni, kila mpita njia anaona. Kaburi la Baba liko pale pale, karibu na zizi. Mama aliweka jiwe moja juu yake.

Vyombo vikapakiwa kwenye lori la serikali. Mama wa mwisho kupanda, na mkononi ana kigae cha chungu kilichovunjika, ndani makaa chini ya mavi makavu ya ng'ombe, yanatoa moshi. Mgambo mmoja akamwambia, mama, mwaga huo moto, utatuchomea lori. Mama akasema moto huu alipewa na mama mkwe wake siku alipohamia nyumba yake, na haujazima tangu siku hiyo. Akaambiwa kijijini atanunua kiberiti. Mama akapanda na kigae chake akakaa.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mkamwana hajiwashii moto wa kwanza katika nyumba mpya. Mama mkwe anauleta kutoka jikoni kwake, anauingiza kwa mkono wake. Ukishapokelewa moto, wewe ni wa nyumba ile.

Njia nzima Rhobi alimkinga upepo kwa kanga yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Jumanne, 27 Agosti

Mama analala chini ya kibanda cha nyasi. Kikohozi. Nimepeleka blanketi.

Ryoba amepita leo na greda lao, wanachimba barabara ya Mugumu. Amekaa kunywa chai tu. Nikamweleza habari za baraza. Anasema ng'ombe wa mahari wakishatoka zizini kwake hawafuatilii kwa macho, kwa hiyo nisimwogope yeye. Mume wangu ana maneno machache lakini huyachagua.

Nimepiga chapa ukurasa mmoja tu, na nusu yake ni makosa.

Ijumaa, 6 Septemba

Leo wamegawa viwanja. Niliomba ruhusa nikaenda.

Katibu wa kijiji ni kijana wa suti ya kaki, mpole, ana haraka. Nyumba zitapangwa kwa mstari, kila mlango ukitazama barabara. Kila kaya kiwanja chake. Zamu ya Mama ilipofika akasema, Wegesa mjane wa Mniko, pamoja na mkamwana na mjukuu.

Katibu akamuuliza Rhobi mume wako nani. Mama akajibu ni mwanangu. Yuko wapi? Hakuzaliwa.

Katibu alidhani anataniwa. Akatazama wazee waliosimama pale, na wazee hawakucheka, wakatazama chini. Akakuna kichwa. Akasema yeye hakuletwa kuhukumu mila, ila kwa serikali mwanamke mwenye mtoto ni kaya. Akamgeukia Rhobi, akamuuliza anataka kiwanja kipi.

Mama akaanza kusema kwamba Rhobi atakaa kwake. Rhobi hakumngoja amalize.

"Nataka kile cha mwisho, karibu na kisima," akasema.

Tangu aje kwetu sijawahi kumsikia akisema mbele ya wanaume. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani. Mama alibaki amefungua mdomo. Viwanja vyao vinatazamana, barabara katikati.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumewasomea sura ya kumi na sita watu wa kijiji kipya. Mzee Magige alikubali kujaribu neno kujenga, kwa shingo upande. Watu walikaa juu ya miti ya kujengea, wanawake upande, wanaume upande.

Simioni alisoma vizuri. Sarai alipofika pale pa kusema labda nitajengwa kwa huyu, wanawake waliguna wote kwa pamoja. Mama alikuwa wa kwanza kuomba kuirudisha habari. Aliirudisha yote bila kuacha kitu, macho yanang'aa, na kila alipotaja jina la Sarai alijigusa kifua. Alipomaliza alimtazama Mzee Magige moja kwa moja. Nilitaka kupiga makofi.

Ndipo Rhobi aliponyoosha mkono, kama wanavyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima. Akauliza kama anaruhusiwa. Akauliza, "Huyo kijakazi mwenyewe, yeye alijengwa na nani?"

Simioni alifungua kitabu chake cha Kiebrania. Akageuza, akageuza tena. Angeweza kusema kitu chochote pale, nani angejua? Lakini alisema kwamba kitenzi hicho Hajiri hakuandikiwa. Alikimbilia jangwani kwa sababu ya mateso, na huko malaika alimwita kwa jina lake, akamwambia Mungu amesikia.

Rhobi akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa: "Mimi sikuulizwa na mtu. Wazazi hawakuniuliza, mama mkwe hakuniuliza, kanisa linasema nitoke na halijaniuliza. Aliyeniuliza ni katibu. Aliniuliza nataka kiwanja kipi."

Mama aliinuka akaondoka. Hakuaga hata Mchungaji.

Nilimkasirikia Rhobi. Sasa hivi pia, ninapoandika, bado nimemkasirikia. Mama alikuwa ameshinda! Kidogo tu, mbele ya Magige, alikuwa ameshinda.

Jumatatu, 16 Septemba

Hasira imepoa, na kilichobaki baada yake ni kibaya zaidi.

Jirani yangu Sabaha, mke wa Ramadhan mwenye lori, alikuja kuazima pasi. Wao asili yao ni Tanga. Nikamsimulia yote. Akasema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, mimi nadhani alimaanisha mambo yetu sisi Wakurya kwa jumla. Kisha akaniuliza, nawe Teresia, uliulizwa ulipoolewa?

Niliulizwa. Baba alikuwa hai wakati ule, mgonjwa. Aliniita akaniuliza kama Ryoba namtaka, nikainama nikasema ndiyo, na nilikuwa namtaka kweli. Ng'ombe wakaja kwa sababu ya ndiyo yangu. Baba akafa. Ng'ombe wale wale wakaenda Morotonga, wakamleta msichana ambaye hakusema ndiyo.

Sikuwa nimeliona hivyo. Nililiona kila siku, lakini si hivyo.

Sabaha akachukua pasi. Mlangoni akageuka akasema hata yeye hakuulizwa, na Ramadhan ni mume mwema, lakini hakuulizwa.

Alhamisi, 26 Septemba

Mzee Magige ameingia ofisini anatabasamu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha hata nikashtuka. Anasema Bwana ametengeneza njia. Rhobi ana kiwanja chake, anajenga nyumba yake, kwa hiyo ameshatoka nyumbani kwa Wegesa. Sharti limetimia lenyewe! Kilichobaki ni Wegesa kusimama siku ya ubatizo na kutamka. Maneno machache tu.

Si mtu mbaya. Aliwahi kumbeba Mama mgongoni kuvuka mto uliofurika, ili asikose darasa. Anataka kumwona amebatizwa kabla hajafa, na anaamini kabisa kwamba hilo neno moja halitamgharimu kitu.

Niliomba ruhusa jioni nikaenda kumpelekea Mama ujumbe. Kibanda chake bado ni kibanda. Watu wa msaragambo, wa kazi ya pamoja, walikuja kumjengea, akawaambia waanze kwa wengine. Ng'ambo ya barabara miti ya Rhobi imeshasimama, fito zimefungwa, na mwenyewe yuko kwenye tope hadi magotini, anakanyaga udongo. Wanawake wawili watatu wanamsaidia. Mama na yeye hawajasemezana tangu siku ile ya kusoma. Mniko ndiye anayevuka barabara, huku anapewa uji, kule anapewa kiazi.

Nilimweleza Mama. Alisikiliza huku anachochea moto wake mdogo. Akaniuliza kama ni kweli atapewa jina la Sara, alilolichagua. Nikasema ni kweli.

Akasema atafikiri.

Nikamwuliza kama ataweza kutamka. Akasema, "Nikitamka, yule ni mtu wa nani? Na mtoto ni wa nani? Na mimi nitabaki wa nani?" Akasema tena kwamba anautaka ubatizo, anautaka sana, anataka kwenda alikokwenda mtoto wake wa kwanza, yule aliyebatizwa hospitali na sista akiwa anakata roho. Sikuwahi kujua kwamba ndiyo sababu. Miaka yote hii nilidhani ni nyimbo.

Nimelia njiani. Naandika tu, basi.

Jumatano, 2 Oktoba

Simioni amenionyesha Yeremia. Pale Mungu anapomwambia bikira Israeli: nitakujenga tena, nawe utajengwa. Bana mara mbili katika pumzi moja.

Nimekaa na mstari huo siku nzima. Hapa hakuna mwanamke anayejengwa kwa tumbo la mwanamke mwingine. Anaambiwa mwenyewe, wewe. Nikasema huu ni wa Rhobi. Simioni akasema huenda, lakini nisisahau kwamba nabii huyo huyo alitumwa kung'oa na kubomoa kwanza. Nikamwambia Mchungaji, kubomoa tumeshabomolewa, paa nililiona kwa macho yangu.

Alicheka, halafu akaacha. Aliniambia kwamba siku ile ya baraza alikuwa na la kusema, akalimeza. Kesho atamwomba Mzee Magige sharti la kutamka liondolewe. Hana uhakika. Wazee ni wengi, yeye ni mmoja.

Ijumaa, 4 Oktoba

Wamekataa. Sharti linabaki.

Nguo nyeupe ya Mama nimeifua na kuipiga pasi. Nilimpelekea kwa mkono wa Ramadhan aliyekuwa anapita huko na lori. Ramadhan anasema aliipokea akaishika shavuni.

Jumapili, 6 Oktoba

Naandika nikiwa kijijini, nimekaa juu ya mzigo wa nyasi. Daftari liko magotini. Nitaandika ninachokiona, maana nikingoja nitakichanganya na ninachokitaka.

Ibada ilianza saa tatu. Wanaobatizwa walikaa mstari wa mbele, nafasi ya Mama wazi. Wimbo wa kwanza, wa pili. Mzee Magige anageuka kutazama mlango kila mara, na mimi pia. Simioni alirefusha maombi makusudi, namfahamu. Mwisho nilitoka. Nilikuta lori la Ramadhan linaelekea huku na magunia ya chumvi, nikapanda.

Mama hayupo kibandani. Nguo nyeupe imekunjwa juu ya kitanda, vilevile nilivyoipiga pasi. Jikoni moto umechukuliwa, yamebaki majivu matupu. Nikaogopa.

Nyumba ya Rhobi imekwisha. Ndogo, imenyooka, udongo wa ukutani bado una unyevu chini, juu umeshakauka. Ameezeka vizuri kuliko wengi. Rhobi mwenyewe amesimama mlangoni, mikono ina tope jeupe la kupakia ukuta. Nikamwita wifi, akaniitikia, akaniambia Mama amekwenda kisimani na atarudi. Sauti ya kawaida kabisa.

Nikamwuliza amehamia lini. Juzi. Anapikaje? Hapiki. Majirani wanamletea, anakula kilichopoa. Nikaona ameshika kiberiti, kipya, cha duka la ushirika, karatasi ya pembeni haijachubuliwa. Akafuata macho yangu. Akasema alikinunua siku ile ile aliyoezeka, na kila asubuhi anakishika, na kila asubuhi anakirudisha ukutani.

"Nikikiwasha mimi, basi ni nyumba yangu peke yangu," akasema. "Sijui kama naitaka hivyo. Lakini sitaki tena kuletewa kitu kama nilivyoletwa mimi."

Nilimpa mstari wa Yeremia. Niliusema kwa Kikurya, kwa maneno yangu mwenyewe. Aliniomba niurudie. Nikaurudia. Hakusema umempendeza wala haukumpendeza.

Hapo ndipo Mama alipotokea upande wa kisimani. Nguo zake za kila siku. Uso umeoshwa. Mkononi kigae chenye makaa ya moto wake. Mniko anamfuata ameshika pindo la kanga, naye Mama anatembea polepole, ameukingia upepo kwa mwili mzima. Amenipita bila kunisalimu. Nadhani hakuniona.

Saa hii kule kanisani wanaingia majini. Anajua. Aliniuliza zamani mpangilio wote wa ibada, nikamwambia kitu baada ya kitu.

Amefika mbele ya mlango. Mama mkwe hapigi hodi kwa mkamwana wake. Anaingia. Ndiyo desturi, moto unaingia naye, hakuna anayemzuia na hakuna anayemkaribisha. Mama amesimama nje ya kizingiti, miguu sambamba. Sijawahi kumwona amesimama hivyo mbele ya mtu aliye chini yake.

"Hodi," amesema. Kisha, taratibu, "Rhobi. Nimeleta moto. Kama unautaka."

Rhobi yuko mlangoni. Mkono wenye kiberiti umeshuka ubavuni. Anamtazama Mama usoni, na Mama hainamishi macho. Mniko ameketi chini katikati yao, anachezea tope.

Hajajibu.

Majivu yanaanza kufunika makaa. Mama anayapuliza kidogo, anangoja.